Mpaka Majina Yaishe

Nengo, Gisenyi, jioni

Sauda wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Uko uani na Bibi yako mnabishana juu ya sanduku, na sauti yako iko juu kuliko yake, jambo ambalo mwaka jana lisingewezekana. Mimi nimejifungia humu katika chumba cha vitambaa. Mnadhani ninafanya kazi. Sawa, ninafanya kazi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala dawa ya mafua, wala hatari ya kupanda moto, zile pikipiki za abiria, usiku kule Kigali. Hayo Bibi ameshayasema, na kila akiyamaliza anayaanza upya. Mimi nakuandikia kwa ajili ya lile uliloniambia Ijumaa mezani, nikaliacha bila jibu.

Nilikuuliza kama Anselme, huyo mtunzi unayekwenda kumfanyia kazi Kigali, amekuambia jina lako litaandikwa wapi. Ukasema, “Amesema litakuja baadaye, Mama.” Nikakuambia kwamba hilo baadaye nalifahamu, niliishi nalo chumba kimoja. Ukaweka kijiko chini, ukanitazama usoni.

“Sawa. Wewe ulikataa. Ukapata nini? Chumba cha vitambaa.”

Bibi hakusaidia. Alikuwa anachambua samaki wake, hakuinua hata kichwa. “Muache aseme. We Hadija ulikuwaka unanijibu vibaya kuliko hii, tena mudomo umejaa chakula.” Mkacheka wote wawili. Mimi nikatoka kwenda kuzima jiko ambalo lilikuwa limezimika zamani.

Basi hili ndilo jibu langu. Ni refu, na sehemu yake kubwa huijui, ingawa ulikuwepo.

Ulizaliwa mimi nikiwa na miaka kumi na minane, katika mwaka wangu wa mwisho wa sekondari. Mtaa mzima ulijua kabla mimi sijajua vizuri. Mjomba wako alikuja hapa akasema kwamba balaa lile limetokana na kinanda, kwa sababu nilikuwa nikipiga kinanda katika arusi za watu, na kinanda ni kazi ya shetani. Bibi alikuwa anashona. Hakusimamisha mguu. “Shetani gani anaamukaka mbele ya alfajiri kwenda kazini? Mi namuona huyu anaamuka. We sikuonaka.” Mjomba akanywa chai yake akaondoka. Tangu siku ile sijapata kuona aibu kwa ajili yako, hata kwa dakika moja, na anayetaka kuiona na aione yeye.

Katika arusi zile ndimo nilimojifunza kazi hii, ingawa sikujua kama ni kazi. Unakaa pembeni na kinanda, hakuna anayekutazama, nawe unatazama kila mtu. Unamwona mama wa bibi arusi anaanza kutetemeka mdomo, unapunguza sauti kabla hajalia, ili akilia awe amelia mwenyewe, asiwe amelizwa na wewe. Miaka baadaye, chuoni, walimu walinifundisha majina ya mambo haya, na majina yalinisaidia. Lakini muziki wa filamu ni ule ule: kumtazama mtu na kujua ni lini unyamaze.

Nilipomaliza chuo Anselme akanichukua niwe msaidizi wake studio. Wewe ulikuwa bado hujaanza shule, ukabaki na Bibi. Sitaki umchukie Anselme. Kwanza chuki inachosha sikio. Pili, mtu huyu anajua kazi. Ni yeye aliyenifundisha kuitazama picha huku nimeikalia mikono yangu, makalio juu ya vidole kabisa, mpaka vife ganzi, ili nisikimbilie kinanda kabla ya kuelewa anayeonekana pale anaficha nini. Hata leo naikalia. Umeniona nikifanya hivyo ukafikiri nasikia baridi. Utamkuta anacheka sana, anawanunulia wasaidizi wake mchuzi wa moto saa sita, anawauliza habari za mama zao. Yote hayo ni ya kweli. Hakuna hata moja la kuigiza. Hapo ndipo ugumu ulipo: asingekuwa mwema, ningemkatalia mapema.

Alinipa ile tamthilia ya familia yenye duka mpakani. Alikuwa na safari nyingi, akanikabidhi yote, kuanzia wimbo wa kufungulia mpaka sauti ndogo za mlango unaofungwa. Wimbo wa kufungulia ulinishinda. Nilitunga nyimbo nzuri, na uzuri wake ulikuwa ule wa sabuni, unanukia na kutoka. Ikafika Idi, nikarudi nyumbani, nikalala chumba kimoja na wewe, kile cha mbele, Bibi akiwa anamalizia nguo za watu. Hapo nikasikia.

Unajua mkanda wa cherehani yake. Ulikatika zamani, akauunga mwenyewe kwa waya wa mwavuli, na ule uvimbe wa waya kila unapopita juu ya gurudumu dogo unagonga: tak. Mafundi wote wa Gisenyi wamemwambia anunue mkanda mpya. Anawajibu kwamba mkanda mpya unateleza. Usiku ule nilisikia kwamba sindano ina hesabu yake na kidonda cha mkanda kina hesabu yake. Vinakutana, vinaachana, kimoja kinatangulia, kingine kinafuata, kama watu wawili wanaopanda mlima pamoja, mmoja mguu unamuuma. Ile tak haiji mahali pale pale. Inahama. Ukiingoja hapa, imekwisha kwenda pale. Na wewe ulikuwa umelala kwenye lile tenga kubwa la nguo karibu na kanyagio, kidole chako kinatikisika ndani ya usingizi, na kilikuwa hakikosei.

Nilirudi Kigali na sauti ya cherehani ndani ya simu, nikaweka inanga, ala yetu ile ya nyuzi, juu yake, na ngoma ya vidole juu ya meza. Anselme akasikiliza akiwa amesimama.

“Hii kitu iko inachechemea.”

“Ndiyo.”

“Ni muzuri, sha! Umeitoa wapi?”

“Nyumbani.”

“Kwenu batu bote biko vilema?” Akacheka, akanipiga bega, akaagiza mchuzi.

Hukumbuki mwaka ule vizuri, lakini mimi nauona kama jana. Nilishuka kutoka kituo cha mabasi jioni kuja nyumbani, na saa ya tamthilia ikanikuta njiani. Wimbo wangu ulitoka kwenye nyumba moja, nikaipita, ukanipokea nyumba ya pili pale pale ulipoachwa na ya kwanza. Nilitembea ndani ya wimbo wangu mpaka mlangoni. Vijana wa moto waliupiga mluzi. Pale Grande Barrière, kituo cha mpakani, nilimwona afisa anagonga mihuri kwenye hati za watu kwa mwendo ule, anachechemea kwa mkono bila kujua. Na nilipoingia ndani nikamkuta Bibi anashona na kuuimba puani. Alikuwa anaimba mkanda wake mwenyewe, Sauda, na hajui.

Nikamwambia, “Mama, hiyo ni yangu.”

Alisimamisha cherehani. Akaja akaketi mbele ya televisheni, mikono juu ya magoti, akaingoja tamthilia yote iishe, kwa sababu nilikuwa nimemwambia majina huja mwisho. Unajua Bibi alisoma madrasa, herufi za Kiarabu zinamkimbilia, hizi zetu anazikokota. Akazikokota.

“Muziki... A... Anselme.” Akanigeukia. “Hii si jina yako.”

“Ndivyo kazi ilivyo, Mama. Mimi ni msaidizi.”

“Musaidizi anasaidia. Nani alifanya?”

“Mimi.”

“Basi huyo Anselme ndiye musaidizi.”

Akainuka, akazima. Hakunigombeza. Ila tangu jioni ile hakuitazama tena tamthilia hiyo, naye alikuwa anaipenda kuliko chai. Jirani walimsimulia yaliyompata mwenye duka, akawa anawaambia hataki kujua, kumbe anataka.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi. Nilimtetea Anselme. Nilimtetea kwa Bibi, kwa shangazi zako, kwa wenzangu wa chuo walioniambia niamke. Nilisema kila mtu huanza hivyo. Nilisema watu wa televisheni wanamjua yeye, jina langu lingewachanganya. Baadaye nikafika mahali pabaya zaidi: nikaanza kuona kutojulikana kuwa ni pambo. Nilitembea barabarani nikisikia mluzi wa wimbo wangu na nikajisikia mtakatifu kwa sababu sikusema kitu. Nilidhani ule ni unyenyekevu. Ulikuwa malezi tu. Msichana aliyelelewa vizuri huku kwetu, Mwislamu au Mkristo, akisifiwa anatazama chini na kusema, “Nimefanya kidogo.” Nilikuwa nimefanya yote, nikasema kidogo, na mtu mmoja akaniamini. Huwezi kumlaumu sana mtu kwa kukuamini.

Ilipofika wakati wa kutengeneza sehemu mpya za tamthilia, nikaenda kwake nikaomba jina. Niliomba vibaya. Niliomba baada ya kumaliza kumwonyesha rasimu zangu, nimesimama mlangoni, nusu ya mwili iko nje.

“Jina itakuja baadaye,” akasema.

“Uliniambia hivyo mwanzoni.”

“Bon, unataka nini, Hadija? Ukubwa?”

“Nataka jina.”

“Jina si muziki.”

“Basi toa lako.”

Alicheka kwanza. Halafu akaona sicheki. Nilichukua kandambili zangu za kuvaa studio, nikatoka. Ni kitu pekee mle ndani kilichokuwa na jina langu. Nilikuwa nimeliandika kwa kalamu ya wino kwenye soli, ili wasizivae wengine.

Alikuwa na wimbo uliorekodiwa, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Lakini tamthilia hailishwi kwa wimbo mmoja. Walihitaji ule ule ukiwa wa polepole kwa msiba, wa haraka kwa mtu anayekimbia, mrefu, mfupi, wa furaha. Wasaidizi wake wapya waliuchukua wakausikiliza, wakasikia tak, wakaiweka. Waliiweka mahali pamoja, kila mara pale pale, kama msumari. Hawakujua kwamba inahama, na yeye hakuwahi kuniuliza inahamaje. Nilikuwa nimekaa kwa fundi viatu hapa mjini siku ya kwanza waliporusha sehemu mpya. Kijana wa moto alikuwa anangojea kiatu chake, akasikiliza, akakunja uso.

“Banaiharibu. Ile ya kwanza ilikuwa na mguu. Hii iko na kiatu tu.”

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikaomba gundi.

Anselme akapiga simu. “Hadija, rudi utie kile kilema.” Nikasema jina. Akasema niache utoto. Nikasema jina. Simu ikakatika, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila mtu wa Kigali niliyempigia alikuwa kwenye mkutano. Hayo huyajui kwa sababu ulikuwa mdogo, na kwa sababu Bibi alishona zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza nilipata nini, anza na hicho: nilipata simu isiyolia. Sikufichi.

Nikakasirika, na hasira ikaniingia mpaka vidoleni. Kila kazi ndogo niliyopata niliichechemesha. Filamu ya wapenzi, inachechemea. Filamu ya wanafunzi juu ya usafi wa kijiji, inachechemea. Tangazo la mbolea, Sauda, mahindi yanakua huku yanachechemea. Nilitaka nchi nzima ijue ule mguu ni wangu. Mwongozaji mmoja wa Musanze, mtu mpole, alinionyesha kichekesho chake cha arusi na muziki wangu juu yake, akajikuna shingo.

“Dada Hadija, samahani. Huyu bibi arusi mbona anatembea kama amekanyaga mwiba?”

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli, yeye akafikiri amenitukana. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeacha kuwatazama watu kwenye picha. Nilikuwa namtazama Anselme. Filamu za watu wengine nilizigeuza barua za kumtukania yeye, na yeye wala hakuzitazama. Nikaikalia mikono yangu tena, kama siku ya kwanza, na nikamwandikia yule bibi arusi muziki wake, ulionyooka, wenye viatu vipya vinavyombana kidogo.

Ndipo tulipojenga chumba hiki. Ulikisema Ijumaa kama tusi, na mimi nakisema tena: chumba cha vitambaa. Hatukuweza kununua vile vitu wanavyobandika studio za Kigali kunyonya mwangwi, Bibi akatoa magunia yake ya vipande, miaka yake yote ya mabaki, tukayapigilia ukutani mpaka dari. Nikiwa humu siyasikii malori wala mawimbi ya ziwa, na tetemeko dogo likija nalijua kwa kuona kikombe kinatembea. Karibu na mlango kuna kipande cha sare yako ya kwanza ya shule. Kile chekundu kilitoka kwenye gauni la mke wa mjomba wako, yule wa shetani, na nimekiweka nyuma ya kinanda makusudi. Nimeandika humu muziki wa filamu ambazo huenda hazijatazamwa na watu wengi kama wanaojaa soko letu siku moja. Lakini hakuna sauti hata moja iliyotoka katika chumba hiki ambayo mtunzi wake hajulikani.

Na unakumbuka usiku ule wa filamu ya kwanza yenye jina langu. Waliionyesha kwenye ukuta mweupe kando ya ziwa, viti vya plastiki, wewe una usingizi na umebanwa na mkojo. Picha ikaisha, majina yakaanza kupanda, na watu wakafanya kile ambacho watu hufanya kila mahali: wakainuka, wakakunguta nguo, wakaanza kutafuta viatu. Bibi akasimama juu ya kiti.

“We baba, kaa! We mama wa kilemba, kaa chini! Jina haijapita!”

Wakakaa. Wallahi walikaa wote, hata yule mwakilishi wa ofisi ya wilaya aliyekuja na gari. Yakapanda majina ya waigizaji, ya waliobeba taa, ya aliyepika, na watu wote wale wakayasoma kwa sauti ndogo kama watoto darasani, na wengine wakagundua ndugu zao mle. Langu likapita. Bibi akalikokota mpaka mwisho, akashuka. “Ni fupi,” akasema. “Lakini iko.” Halafu akakuruhusu uende ukakojoe.

Ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna anayeinuka mpaka majina yaishe. Ulikua ukidhani ni kichaa cha Bibi, rafiki zako walikuwa wanakucheka. Ni sheria ya nyumba hii, na mwanzo wake ni huo.

Sasa ile tamthilia inarudi. Anselme alinipigia mwenyewe mwezi uliopita, baada ya miaka yote hii, kwa ile sauti ya mchuzi wa moto. Alikuwa ameiona filamu fupi ya shule yenu, ile uliyoitungia muziki. “Mama Sauda, huyu mutoto wako ana sikio. Nipatie. Aanze kama we ulianza.” Nikamwambia akuulize mwenyewe. Najua alikusudia sifa. Halafu mkaongea, ukarudi kutoka Kigali umewaka, ukaniambia alikuuliza kama unaweza ule wimbo wa zamani, ukaugonga mezani pale pale mbele yake kwa vidole viwili, na akaacha kucheka. Ulinionyesha ulivyogonga. Tak ikahama vizuri, bila kuhesabu. Nilisema, “Vizuri,” nikageukia sinki. Ulifikiri sijafurahi.

Sikiliza, mwanangu. Nilipoandika wimbo ule niliusikia kwa siku za Idi tu, nikauandika. Wewe umelala nao tangu utotoni. Uko ndani yako kabla ya maneno. Ninao kwa sikio, wewe unao kwa mifupa, na Bibi anao kwa mguu. Kwa hiyo si mali yangu kuifungia, na sitakuambia usimpe. Mpe. Mpe mguu wote, wa msiba, wa mbio na wa furaha, umfundishe yeye na wale wasaidizi wake jinsi unavyohama, wasiendelee kupigilia misumari. Nimechoka kuusikia wimbo ule ukiwa umenyooka. Sikukulea ili uwe mlinzi wa ugomvi wangu.

Lakini jina uliombe kabla hujakaa kwenye kinanda. Usiombe mlangoni. Usiombe baada ya kumfurahisha. Na usiombe kwa adabu niliyokwenda nayo mimi, adabu ile ibaki hapa Nengo, nitaichana nipigilie ukutani pamoja na vipande vingine.

Unajua kwa nini sikukujibu Ijumaa? Uliniumiza, ndiyo. Lakini niliposimama pale uani mbele ya jiko lililozimika, kitu kilichonifunga mdomo kilikuwa kingine. Ulikuwa umeweka kijiko chini, umemtazama mtu mzima usoni, mtu unayempenda, anayekulisha, na ukasema, “Ukapata nini?” Mimi nilimhitaji msichana huyo pale Kigali miaka yote ile. Nilimtafuta ndani yangu nikamkosa. Kumbe alikuwa amelala kwenye tenga karibu na kanyagio. Nenda na mdomo huo. Ndio huo huo, usiuoshe. Anselme akisema baadaye, weka kijiko chini.

Akikataa, sijui utafanya nini. Hapo ndipo ninapoishia kuwa mama yako na wewe unapoanza kuwa Sauda. Labda utatoka kama mimi, na chumba hiki kina nafasi ya kiti cha pili. Labda utabaki, utavumilia, utapata njia ambayo mimi sikuiona. Sitakuapiza. Ila usije ukanisimulia kwamba ndivyo kazi ilivyo. Sentensi hiyo niliitunga kabla yako, na ndiyo kazi yangu pekee ambayo sitaki jina langu liandikwe chini yake.

Nasikia mmenyamaza huko uani. Sanduku limeshinda au limeshindwa. Jambo la mwisho, nalo Bibi amenikataza nisikuambie: tamthilia ikianza, ataitazama. Amekwisha kuwaambia shangazi zako na jirani wote wawili. Televisheni ameihamishia karibu na cherehani. Tangu juzi ameweka herufi za jina lako mbele yake, zile zile ulizomwandikia kwenye kibandiko cha sanduku, na anazikokota akishona, S, A, U, ili siku ile zisimpite mbio.

Tutakaa wote. Wimbo utafungua, na mimi nitajua kwa mapigo ya mwanzo kabisa kama ni mguu wako au ni msumari. Tutaangalia mpaka mwisho, hakuna atakayegusa viatu. Majina yatapanda, ya waigizaji, ya wabeba taa, ya mpishi. Lako likipita, utasikia vigelegele kutoka hapa bila simu. Lisipopita sitakulaumu, wala sitakupigia. Bibi atainuka tu, azime.

Usitufanye tuzime.

Mama yako,
Uwase Hadija, mtunzi wa muziki